Ujumbe Niliomtumia Khalati

Ujumbe ule niliutuma mimi mwenyewe, siku ya Ijumaa baada ya adhuhuri, nikiwa bado nimekaa juu ya msala. Ulikuwa umepita katika simu nyingi kabla ya kufika kwangu. Juu yake palikuwa na picha ya bahari ya samawati, na chini ya picha maneno makubwa yasemayo kwamba wanasayansi wamegundua dawa ya saratani ndani ya viumbe vya baharini, na kwamba wenye viwanda vya dawa hawataki watu wajue. Sikuusoma hadi mwisho. Nilimpelekea khalati yangu, nikaongeza maneno machache ya kwangu: "Soma hii, khalati. Mola ana njia zake."

Khalati huyu ndiye mdogo kabisa katika ndugu za mama. Wakati ule alikuwa na umri wa miaka 54. Anashona kofia za vito, kazi itakayo macho makali na vidole vyenye hisia, na kofia moja nzuri humchukua miezi. Siku chache kabla ya Ijumaa ile, alipokuwa akikoga, alikuta uvimbe katika titi lake la kushoto, mdogo kama punje ya kunde, usiouma. Hakumwambia mtu ila mama yangu na mimi. Daktari wa zahanati alimwandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa apigwe picha ya titi, kisha akatwe kipande kidogo cha nyama kikapimwe. Siku ilikuwa imekwisha pangwa.

Aliiogopa siku hiyo. Aliogopa sindano, akaogopa kuvuliwa nguo mbele ya watu asiowajua, na zaidi ya yote akaogopa kulisikia neno lenyewe likitamkwa. Sisi tuliolelewa katika haya twajua jinsi ilivyo vigumu kusema "titi" mbele ya daktari mwanamume. Wako miongoni mwetu ambao hawajalisema hata mbele ya waume zao, nao wamezaa na kunyonyesha watoto sita.

Usiku ule ule alinipigia simu. Sauti yake ilikuwa nyepesi, kama ya mtu aliyetuliwa mzigo. "Mwanangu, wallahi nimepumua," aliniambia. "Kumbe dawa iko hapa hapa baharini kwetu." Wiki ile ile akapata, kupitia kwa jirani, mtu auzaye unga wa bahari: kikopo kidogo cha unga wa rangi ya majivu, ulioelezwa kuwa ni jongoo wa bahari na sifongo na vitu vingine vya mwambani, vikaushwe, vitwangwe, vichekechwe. Kijiko kimoja katika maji ya moto asubuhi na jioni, pamoja na asali. Siku ya hospitali ikaja, ikapita. Nami nilijua kwamba imepita. Nilijiambia kwamba asali haidhuru.

Miezi mitatu na nusu baadaye, katika kumi la kati la Ramadhani, alipatwa na homa, na mama akaenda kumwogesha. Ndipo alipouona uvimbe. Haukuwa kunde tena; ulikuwa kama yai la kuku, na ngozi iliyoufunika ilikuwa imevutika na kuingia vishimo vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Mama hakuomba shauri la mtu. Alimfunika buibui, akaita gari.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke mpole. Alizisoma karatasi, akauliza kwa upole vilevile kwa nini tarehe ya kwanza ilipita bila ya mgonjwa kuonekana. Khalati alinitazama mara moja, kisha akatazama sakafu. Hakusema kitu. Nami sikusema kitu.

Majibu yalipotoka, saratani ilikuwa imefika katika tezi za kwapani, lakini, alhamdulillahi, haikuwa imevuka hapo. Daktari alitueleza utaratibu: kwanza tibakemikali, hii ambayo sote huiita kemo, ili uvimbe unywee, kisha kukatwa titi, kisha mionzi. Mama aliuliza kama hapana njia ya kulibakisha titi. Daktari akajibu kwamba uvimbe ukiwa mdogo mara nyingi hukatwa wenyewe na titi likabaki, lakini kwa huu wa sasa njia hiyo ilikuwa imefungwa.

Nilianza kusoma katika usiku wa kungoja, nikikaa katika baraza ya hospitali simu ikiwa mkononi. Nasema kweli, sikusoma kwa kutafuta elimu. Nilitaka nikute kwamba ujumbe ule ulikuwa uongo mtupu, ili nimlaumu aliyeutunga na mimi nipate kulala. Haukuwa uongo mtupu, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi zaidi.

Sifongo, kwanza, ni mnyama, ingawa ukimtazama wamdhania mmea. Wakati wa bamvua, maji yapwapo sana, huonekana ameshikamana na mwamba, wa manjano au mwekundu au mweusi, na mwili wake una vitundu ambavyo maji huingia na kutoka. Ni huyu huyu ambaye jamaa zake wengine, wakikaushwa, sisi huwatumia kusugulia mwili. Hana mguu wala pezi wala taya. Akijiwa na samaki wa kumtafuna hana pa kukimbilia, na akibanwa na jirani anayetaka mahali pake hana mkono wa kumsukumia. Silaha yake ni sumu. Huweka mwilini mwake kemikali kali, na nyingi kati ya hizo hutengenezwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo huishi ndani yake. Kemikali iwezayo kuzuia seli za adui zisikue ndiyo iwezayo pia kuzuia seli za saratani, kwa sababu saratani ni seli za mwili wetu wenyewe zilizosahau kuacha kuongezeka. Katika jambo hilo ujumbe wangu ulikuwa na ukweli.

Mwaka 1986 wanakemia wawili wa Japani, Yoshimasa Hirata na Daisuke Uemura, walieleza kemikali waliyoipata kwa sifongo mweusi wa mwambao wa nchi yao, aitwaye kitaalamu Halichondria okadai. Waliiita halikondrini B. Katika vyombo vya maabara iliua seli za saratani kwa nguvu iliyowashangaza. Lakini angalieni hesabu. Walikusanya kilo 600 za sifongo, yaani magunia kumi na mawili ya mchele ya kilo 50. Katika magunia hayo yote walitoa miligramu 12.5 za kemikali ile. Nilichukua punje ya mchele jikoni nikaiweka kiganjani: punje moja ina uzito wa miligramu ishirini na kitu. Magunia kumi na mawili kwa nusu punje ya mchele.

Nikapiga hesabu ya kikopo cha khalati. Kilo nzima ya sifongo wa Kijapani ilitoa sehemu mbili tu za mia za miligramu moja. Katika kijiko cha chai hata neno la kulitaja kiasi hicho sina. Na sifongo wetu si yule; wako maelfu ya aina, na kila aina ina yake. Tena halikondrini haikutolewa kwa kutwanga na kuchekecha, bali kwa kutenganishwa hatua kwa hatua na watu waliosomea kazi hiyo. Na laiti ungekuwamo katika unga ule kiasi cha kutosha kuua saratani, kijiko kisichopimwa kingemuua khalati kabla ya uvimbe wake. Kitu chenye nguvu ya kuua seli hakichagui chenyewe ni seli ipi.

Japani walikwama hapo hapo. Hakuna bahari yenye sifongo wa kutosha kuwatibu wanawake wa dunia kwa mavuno kama hayo; miamba ingekombwa ikabaki mitupu. Ilibidi kemikali ile itengenezwe na binadamu tangu mwanzo, nayo ina umbo tata kama nakshi ya mlango wa Lamu. Mwaka 1992 Yoshito Kishi na wenzake katika Chuo Kikuu cha Harvard walifaulu kuijenga yote maabarani. Wanakemia wa kampuni ya Kijapani ya Eisai wakaendelea na kazi hiyo, wakagundua kwamba nusu moja tu ya umbo lile ndiyo ifanyayo kazi. Wakalipunguza, wakalirekebisha, na dawa waliyoipata ikaitwa eribulini. Hutengenezwa kiwandani kwa hatua 62. Kila hatua hupoteza kidogo, na kila hatua yataka kupimwa.

Dawa hiyo hukamata nyuzi ndogo zilizomo ndani ya seli, nyuzi ambazo seli huzitumia kuvuta vitu huku na huku inapotaka kujigawa iwe mbili. Nyuzi zikizuiwa zisirefuke, seli hukwama katikati ya kujigawa, kisha hufa. Hutiwa kwa sindano katika mshipa, si kwa kumeza, na kipimo chake ni kama miligramu mbili tu kwa mwanamke wa kawaida. Kabla ya kila sindano damu hupimwa, kwani dawa hii hushusha chembe nyeupe zinazotulinda na maradhi. Huangusha nywele. Huweza kuzitia ganzi ncha za vidole vya mikono na miguu.

Kisha nikafika mahali ambapo nilitazamia kukuta muujiza. Wanawake 762 waliokuwa na saratani ya titi iliyorudi au iliyoenea, ambao walikuwa wamekwisha tibiwa kwa kemo nyingine mara kadhaa, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja lilipewa eribulini, na la pili likapewa matibabu mengine ambayo daktari wa kila mgonjwa aliyaona yafaa. Katika fungu la kwanza, nusu ya wanawake waliishi zaidi ya miezi 13.1. Katika fungu la pili, nusu waliishi zaidi ya miezi 10.6. Kwa ushahidi huo mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu eribulini mnamo Novemba 2010, miaka 24 baada ya yale magunia kumi na mawili.

Miezi miwili na nusu! Niliizima simu. Niliona kama nimedhulumiwa, ingawa sikuweza kusema na nani. Ujumbe wangu uliahidi dawa iliyofichwa. Kumbe haikufichwa na mtu, imeandikwa kila mahali, ina kipimo na madhara na bei, na tofauti yake na nyingine ni miezi miwili na nusu.

Niliendelea kusoma siku nyingine, kwa utulivu zaidi. Nilikuta kwamba sifongo wa Japani hakuwa wa kwanza. Mwaka 1945 mwanakemia Werner Bergmann alichukua sifongo katika bahari ya Florida, na kemikali alizozikuta ndani yake ziliwafundisha wengine kutengeneza sitarabini, dawa iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1969 na inayotumika hadi leo kutibu saratani ya damu, hata kwa watoto. Nikakuta pia kiumbe mmoja wa bahari ya Karibi, aotaye kwa mafungu juu ya mizizi ya mikoko kama vishada vya zabibu, ambaye ametoa dawa ya saratani ya misuli na mafuta ya mwili. Ulaya waliiruhusu mwaka 2007.

Habari iliyonigusa zaidi ni ya bahari yetu hii ya Hindi. Mwaka 1972 mtafiti wa Kimarekani, George Pettit, alikusanya katika kisiwa cha Morisi viumbe laini wafananao na konokono asiye na kombe la nje, wanaotoa wino wa zambarau wakisumbuliwa. Watoto waliokulia pwani huwaona maji yakipwa, wakawachokoza kwa kijiti ili wino utoke. Mimi nilifanya hivyo utotoni na nikapigwa kofi kwa kuharibu kanzu. Ilimchukua Pettit na wenzake hadi mwaka 1987 kuitangaza kemikali waliyoitafuta, dolastatini 10. Baadaye ikafahamika kwamba mnyama yule haitengenezi mwenyewe, bali huipata kwa kula viumbe vidogo mfano wa mwani. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa, ilikuwa sumu mno kwa faida kidogo mno. Wengine wangeacha. Watu wa maabara wakatengeneza mfano wake, wakaufunga kwenye protini maalumu iendayo kuishika alama ya seli ya saratani, ili sumu ifunguliwe ndani ya seli ile na si barabarani. Dawa hiyo iliruhusiwa Marekani mwaka 2011 kwa saratani ya tezi iitwayo Hodgkin, ambayo huwapata vijana wengi. Kutoka kwenye kidimbwi cha mwambani hadi mshipani mwa mgonjwa ni miaka 39.

Dada mmoja katika darsa letu aliniuliza kama dawa za namna hii ni halali. Si mwanachuoni mimi. Nilimpelekea swali ustadhi wetu, naye alikumbusha kwamba katika madhehebu yetu ya Shafi, vya baharini kwa jumla ni halali, ila kinachodhuru hakiliwi. Kisha akacheka nilipomwambia kwamba ndani ya chupa ya eribulini hamna hata chembe ya sifongo, imetengenezwa kiwandani yote. "Basi swali la wino wa yule konokono mlilete siku nyingine," akasema.

Nilichelewa kumweleza khalati mambo haya. Kemo yake ilianza katika Mfunguo Mosi. Zile dozi nne za mwanzo ni za dawa nyekundu kama sharubati, ambayo wagonjwa wenzake waliiita "ile nyekundu" kwa sauti ya chini, kama wamtajao jini. Alitapika. Nywele zikatoka kwa mashada. Akazikusanya kitambaani, akanipa nizizike. Siku ya dozi ya tatu, sindano ikiwa mkononi na ile nyekundu ikishuka, alinambia, "Lau ningeendelea na dawa ya asili, nisingeteswa hivi."

Hapo ndipo nilipopata mlango wa kusema. Nilimwambia kwamba ile nyekundu nayo ina asili yake. Mama yake ni kijidudu cha udongoni kilichopatikana Italia, na jina lake la zamani la dukani, Adriamycin, lilitokana na bahari ya Adriatiki inayopakana na nchi hiyo. Nikamwambia kwamba dawa atakayoanza baada ya hii, paklitakseli, ilipatikana kwanza katika gome la mti wa magharibi mwa Marekani lililobanduliwa mwaka 1962, ikachukua miaka 30 hadi kuruhusiwa. Alinisikiliza akiwa amefumba macho.

"Kwa hiyo udongo na mti vimo humu," akasema.

"Vimo, khalati. Lakini vimepimwa."

Kisha nikamwambia yote. Habari za magunia kumi na mawili na nusu punje ya mchele, na hatua 62, na sindano ya miligramu mbili, na kwamba unga wa kikopo ulikuwa unga tu. Nikamwambia kwamba ujumbe niliutuma bila kuusoma, na siku ya hospitali ilipopita nilijua na nilinyamaza, na kwamba daktari alipouliza nilimwacha yeye abebe lawama yangu. Nilikuwa nalia, na muuguzi akaja kutazama kama ni mgonjwa aliyezidiwa.

Khalati alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa natafuta sababu ya kutokwenda. Wewe ulinipa. Usingenipa wewe, pengine ningempata mwingine wa kunipa." Hakusema kwamba amenisamehe. Alinishika mkono kwa ule wake usio na sindano.

Baada ya kitambo akauliza kama ile ya sifongo atapewa yeye. Nilimuuliza daktari, naye akajibu kwamba hiyo ni ya wanawake ambao maradhi yao yamekwisha enea na dawa za mwanzo zimeshindwa, na kwamba dua yetu iwe asiihitaji. Nikamweleza khalati, na kwa kuwa bado nilikuwa na hasira na zile hesabu, nikaongeza kwamba hata hao wapewao huzidi wenzao kwa miezi miwili na nusu tu.

"Tu?" akauliza. Alifumbua macho. "Toka Idi ya Mfunguo Mosi hadi Idi ya Mfunguo Tatu haitimii miezi miwili na nusu. Mwanamke mwenye binti wa kuozesha, hizo ni Idi mbili. Unamwambia tu?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilizirudia zile hesabu, nikaona kwamba nilizisoma kama mtu mzima wa afya, ambaye miezi miwili na nusu humpita akitafuta funguo zake.

Khalati alikatwa titi miezi mingine ikiwa imepita, uvimbe ukiwa umenywea kuliko tulivyotumaini. Akamaliza mionzi. Sasa ni karibu mwaka na nusu tangu tulipoingia hospitali ile kwa mara ya kwanza, na kila baada ya miezi mitatu huenda kuangaliwa. Hadi sasa, kwa rehema za Mwenyezi Mungu, daktari hajaona kitu. Hatusemi amepona; daktari mwenyewe hajalitumia neno hilo, nasi tumejifunza kutolitanguliza.

Kilichobaki ni vidole. Paklitakseli imeziacha ncha zake na ganzi, hasa kidole gumba na cha shahada, navyo ndivyo vishikavyo sindano. Daktari asema huenda hisia zikarudi kidogo kidogo, na huenda zisirudi zote. Kofia aliyoianza kabla ya uvimbe imo sandukuni, imeshonwa robo tatu. Mwezi uliopita aliitoa, akaketi dirishani, akajichoma mara nne bila kujua, hata alipoona doa la damu juu ya kitambaa cheupe. Hakusema kitu, alikiosha kitambaa kwa maji baridi na sabuni, akakianika. Siku hizi binti yake hushona naye humwongoza kwa macho. Mishono hailingani, na mwenye kuijua kofia ya vito ataona ni wapi mkono mmoja ulipoacha na mwingine ulipoanza.

Juzi, baada ya alasiri, nilikuwa kwake simu yake ilipolia. Alikuwa jirani wa mtaa wa nyuma, mwanamke mdogo, mama wa watoto watatu. Alikuwa amemtumia khalati ujumbe, na chini yake ameuliza kama khalati aliwahi kuijaribu dawa hii, kwani yeye ana kijivimbe chini ya kwapa, kidogo tu, hakimuumi. Picha ilikuwa ile ile. Bahari ya samawati.

Khalati hakuweza kuandika upesi kwa vidole vile. Alinipa simu.

"Mwandikie," akasema. "Mwambie kesho saa mbili asubuhi nampitia. Mwambie avae nguo nyepesi kuvua, ya kufungua kwa mbele. Na mwambie yule daktari ni mwanamke."

Niliandika kama alivyosema. Akaniambia nimsomee kabla sijautuma, nikamsomea wote, toka mwanzo hadi mwisho.